Kuba la Bi Karsten na Waya za Chuo cha Tamsett

Tamsett, Ohio
6 Septemba 2016

Mjomba Lucian mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mguu umepoa na hasira zimepoa pia. Huku sote tu wazima. Mama anakusalimu. Nyonga yake mpya inamruhusu kupanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta, na sasa hataki mtu amsaidie hata kubeba mfuko wa viazi. Jemu uliyotutumia ilifika kifuniko kimelegea, ikalowesha soksi ulizozifunga pamoja nayo. Jemu tumekula. Soksi bado tunazifua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe huitaki, na simu unaipokea kama mtu anayengojea habari za msiba.

Sasa kilichonikalisha mezani. Mkuu wetu wa chuo, Bwana Gillespie, aliniita wiki iliyopita, akafunga mlango, akasema, "Maribeth, nataka mpango wa miaka mitano. Kompyuta, mtandao, kila kitu. Bodi iuone mwezi wa nne." Nilitaka kumkumbatia. Tangu nishike idara hii ya kompyuta nimekuwa nikilia kuhusu mpango. Chuo chetu hununua vifaa kama watu wanavyonunua mwavuli, yaani wakishalowa.

Kisha akakunjua mchoro mezani. Mjomba, ni kuba! Kuba kubwa jeupe kama yai lililokatwa katikati, litasimama pale penye maegesho ya nyuma. Wanafunzi watakaa ndani na picha zitawazunguka pande zote: leo Athene ya kale, kesho ndani ya moyo wa binadamu. Anayetaka kulilipia ni Bi Odette Karsten, yule mjane wa mwenye kiwanda cha madirisha, ambaye nadhani ulimfundisha Kigiriki. Gillespie amelipenda kuba hilo kama kijana anavyopenda gari. "Wazazi wakilitembelea tu," akasema, "watoto wao watajiandikisha palepale."

Nami nikawaza jengo la Mather. Waya zake ziliwekwa nikiwa shule ya msingi, na mvua kubwa ikinyesha idara nzima ya historia hupoteza mtandao.

Najua unavyoziona mashine. Watu bado wanasimulia siku ilipopigwa kura ya kuweka kompyuta madarasani, jinsi ulivyobeba kiti chako ukatoka nacho ukaenda kufundishia kwenye theluji. Kwa hiyo sikuombi kitu. Nakusimulia tu.

Mpwa wako,
Maribeth

*

Kisiwa cha Manitoulin, Ontario
27 Septemba 2016

Mpwa wangu Maribeth,

Mguu umepoa. Hasira naihifadhi kwa ajili ya majira ya baridi, itanisaidia kuokoa kuni. Mwambie mama yako viazi ni vizito na nyonga ni ghali. Huku mabata bukini wameanza kuruka kwenda kusini wakipiga kelele kama kikao cha walimu. Nimekula mkate wa mahindi uliopikwa na Noreen wa maktaba, ndiyo maana leo naandika kwa upole.

Athene katika kuba! Muulize Gillespie kama mashine yake itatoa na harufu. Athene ilinuka samaki, mbuzi na watu wanaobishana juani. Bila harufu hiyo ni sebule ya tajiri tu. Odette Karsten namkumbuka. Hakuwa na subira na vitenzi, lakini akili yake ilikuwa kali. Alikuwa akiuliza swali moja mwishoni mwa kipindi na darasa zima linabaki limeduwaa.

Hukuniomba kitu, nami sikupi kitu. Lakini kama ningekuwa wewe, nisingewauliza walimu wanataka mashine gani. Ukiwauliza hivyo watakutajia walichokiona kwenye gazeti. Ningewauliza jana walifanya nini, na walikwama wapi.

Mambo mengine sina. Alhamisi nina shughuli.

Mjomba wako,
Lucian

*

Tamsett
19 Oktoba 2016

Mjomba mpendwa,

Pole na baridi, ambayo najua imeshafika kwenu. Huku majani yamekuwa mekundu na mama amegombana na kwaya kuhusu nani ataimba peke yake Krismasi. Ameshinda. Anauliza kwa nini hupokei simu Alhamisi jioni. Nami nimemwambia sijui.

Nilifuata ushauri ambao hukunipa. Nimezunguka chuo kizima na swali lako. Siku ya kwanza walinitazama kama nimekuja kuwakamata. Halafu midomo ikafunguka, na sasa wananivizia kwenye korido.

Bi Ansell wa kemia alinipeleka kwenye chumba chake cha nyuma, akafunua blanketi la maua. Chini yake kuna kompyuta ya zamani sana, ile ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Ndiyo pekee inayojua kuzungumza na chombo chake cha kupimia.

"Blanketi la nini?" nikamuuliza.

"Ikipata baridi haiwaki."

"Na siku itakapokufa?"

"Maribeth, usiitamkie hivyo, inasikia."

Teodoro anayefundisha dansi yeye hurekodi wanafunzi wake, halafu anaendesha gari mpaka nje ya duka la hamburger, anakaa kwenye maegesho na kutumia mtandao wao kutuma video. "Wananijua sasa," akaniambia. "Wananiletea chipsi bila kuagiza." Kisha nikamkuta msichana wa mwaka wa tatu kwenye chumba cha kufulia bwenini, ameegemea mashine ya kukaushia, anaandika insha ya falsafa. Ndiko mtandao unakoshika, akasema, na pana joto.

Nilicheka kila mahali, Mjomba. Ila nikifika ofisini nikiandika yote kwa pamoja, kicheko kinaisha. Tunawatoza wazazi karo ile, halafu watoto wanasomea penye nguo chafu.

Nikampelekea Gillespie. Akasoma, akatikisa kichwa kwa upole wake ule, akasema, "Haya ni matengenezo. Hakuna mtu aliyewahi kuitoa pochi yake kwa ajili ya matengenezo." Halafu akaniambia jambo ambalo tangu hapo sijalala vizuri. Kuba litahitaji wahudumu wawili, na zawadi ya Bi Karsten hailipi mishahara. Nafasi hizo zitatoka kwenye dawati letu la msaada wa kompyuta. Yaani Dwayne na Rosalba waondoke. Dwayne ndiye huyo anayekimbia na ngazi begani kila mtandao unapoanguka, na mke wake anatarajia mtoto wakati wa Pasaka. Rosalba ndiye pekee chuoni anayeweza kumweleza mwalimu aliyesahau neno lake la siri bila kumfanya ajione mjinga.

Anataka niyaandike hayo mwenyewe kwenye mpango, kwa sahihi yangu. Baraza la walimu litaupigia kura Januari, kisha bodi.

Walimu wazee bado wanakutaja kwenye vikao, unajua hilo. "Pruitt angekuwepo," wanasema. Nakueleza tu.

Mpwa wako,
Maribeth

*

Tamsett
2 Desemba 2016

Mjomba,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Wiki zimepita na hujajibu. Sikukuu ya Shukrani tumeila bila neno kutoka kwako, na mama aliweka sahani yako mezani kama kawaida, akaiondoa mwenyewe. Kama nilikuudhi kwa kukutajia baraza, nisamehe. Sikukusudia kukuvuta kwenye ugomvi ulioukimbia.

Mpango nimeuandika mara mbili. Mmoja ni wa Gillespie. Mwingine ni wa kweli: waya mpya jengo baada ya jengo tukianza na Mather, mashine za walimu kubadilishwa kwa zamu kila mwaka badala ya kungojea zife, na dawati la msaada liachwe lilivyo. Yote miwili iko mezani. Ule wa Gillespie umepigwa chapa vizuri zaidi, una picha.

Jumatano nilikwenda Columbus kununua koti. Hakuna la zaidi.

Maribeth

*

Manitoulin
14 Desemba 2016

Mpwa wangu,

Fungua kwanza ile bahasha ndogo iliyokunjwa humu. Ni jibu langu la mwisho wa Oktoba. Lilirudi kwangu wiki hii limepigwa mihuri kama pasipoti, kwa kuwa nilibandika stempu isiyotosha. Posta nimewatukana, wakanionyesha stempu, nikaomba radhi. Noreen alicheka mpaka akakaa chini. Utaona humo nilimtukana Gillespie ukurasa mzima, kwa hiyo pengine ilikuwa bahati ikachelewa. Mwambie mama yako nilikula bata mzinga na nilimkumbuka.

Koti linakutosha? Nauliza kwa sababu hakuna mwanamke katika ukoo wetu aliyewahi kwenda mpaka Columbus siku ya kazi kwa ajili ya koti. Hospitali kubwa za kule zinahitaji sana watu wa kompyuta, nasikia, na zinalipa. Sisemi kitu. Koti zuri ni koti zuri.

Sasa sikiliza. Mwambie katibu wa baraza kwamba profesa mstaafu Pruitt anaomba dakika chache kwenye kikao cha Januari. Kanuni zinaniruhusu, niliziandika mimi. Mguu hauwezi safari ya theluji. Nitazungumza kwa skrini.

Soma tena sentensi hiyo kama unahitaji.

Alhamisi jioni maktaba ya hapa hufungwa mapema, na Noreen huniachia kompyuta yake. Nafundisha Kigiriki. Walianza wawili, sasa ni darasa: muuguzi wa mji wa Thunder Bay, dereva wa lori la maziwa, mchungaji mmoja anayebisha kila kitu, na wengine. Mimi nazungumza, Noreen anakaa pembeni kunibonyezea vitufe. Usimwambie mama yako. Atacheka mpaka nyonga ichomoke.

Nitakachosema kwenye kikao ni siri yangu. Wewe peleka mpango ulio wako.

Lucian

*

Tamsett
22 Januari 2017

Mjomba, ewe Mjomba!

Salamu baadaye. Mama ni mzima, ana hasira na wewe, na sababu utaijua ukisoma.

Wewe uliona picha yetu iliyoganda tu, kwa hiyo ngoja nikueleze upande wetu. Ukumbi wa Mather ulijaa mpaka watu wamesimama kwenye ngazi, maana habari ilishaenea kwamba Pruitt anakuja kwa kompyuta. Walimu walikuja na wake zao. Mama alikuja na kofia yake ya Pasaka. Na mbele kabisa, karibu na Gillespie, alikaa Bi Karsten, mwembamba, na mkongojo wake magotini.

Niliueleza mpango wangu. Gillespie alitabasamu muda wote kama mtu anayeumwa jino. Kisha ukatokea wewe ukutani, mkubwa kama mlango wa ghala. Wazee wakakupigia makofi. Ukasema, "Wenzangu, mara ya mwisho nilipokuwa katika chumba hiki nilitoka na kiti. Leo nimerudi, kiti nimekiacha nyumbani." Wakacheka. Ukasema, "Nina jambo moja la kuwaambia kuhusu Athene—"

Basi. Ukaganda! Mdomo wazi, jicho moja limefumba, kidole juu. Uso wako ulijaa ukuta mzima, Mjomba, ungeweza kuhesabiwa meno. Dakika ikapita. Gillespie akasimama, "Ni hitilafu ndogo tu, ndugu zangu." Kisha sauti ikarudi, ila sauti pekee, picha imeganda vilevile. Nawe ukasikika wazi kabisa:

"Noreen mpenzi, wamenyamaza wote. Ama wamelala au nimewashinda. Unamwona Gillespie kwenye picha hapo? Bado anapaka nywele rangi!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Bi Ansell aliteremka kwenye kiti chake. Gillespie aligusa nywele zake, maskini, jambo lililozidisha tu. Na mama akanigeukia, akasema kwa sauti yake ya kwaya, "Mpenzi? Noreen ndiye nani?"

Dwayne alikuwa ameshatoka mbio. Alivuta waya mrefu kutoka jengo la maktaba, akauvusha juu ya theluji, akaupitisha dirishani. Rosalba akaupokea upande wa ndani, akapiga magoti chini ya meza kwa gauni lake jipya. Wakati wakihangaika, Bi Karsten aliinua mkongojo.

"Bwana Gillespie," akasema, "ikiwa ukumbi huu hauwezi kumbeba mzee mmoja, kuba langu litaibeba Athene nzima kwa kitu gani?"

Gillespie akasema kuba litakuwa na waya zake.

"Zinazotoka wapi?"

Nikajibu mimi. "Zinazotoka humu, Bi Karsten. Juu ya kichwa chako, kwenye hiyo dari." Watu wote wakatazama juu.

Hapo ndipo uliporudi na picha. Na ulichosema baadaye nimekiandika ili nisikisahau. Ulisema: "Mashine hizi sizipendi, nazo hazinipendi, mmeona wenyewe. Lakini kuna muuguzi ambaye kila Alhamisi anatoka zamu, anakaa na sare yake ya kazi, anasoma nami Kigiriki. Nikikatika, hapotezi picha. Anapoteza mwalimu. Wapeni watoto njia ya kumfikia mwalimu wao kwanza. Athene imesubiri muda mrefu, haiondoki."

Kura imepita, Mjomba. Mpango wangu, kwa wingi mkubwa. Gillespie alinipa mkono bila kunitazama. Ila Bi Karsten alikwenda zake, zawadi yake hatujui inakwenda wapi, na kura ya walimu bila fedha ni makofi tu. Bodi bado.

Sasa jiandae kwa simu ya mama.

Maribeth

*

Manitoulin
9 Februari 2017

Mpwa wangu,

Mama yako amepiga. Amepiga tena. Nimegundua kwamba simu kweli ni chombo cha msiba.

Afya yangu njema, mguu vilevile, theluji mpaka dirishani. Kuhusu neno lililosikika ukumbini sina la kueleza. Lilinitoka. Noreen siku hiyo alizima kompyuta, akanisaidia kuvaa koti. Wiki nzima akaendelea hivyo, mkimya, mkarimu, ananipa chai. Nilikuwa naogopa, Maribeth. Mtu wa umri wangu.

Jumapili nikaenda kumkuta anapanga vitabu. Nikamwambia, "Noreen, lile neno lilikuwa la kweli. Ungependa tuoane?" Hakugeuka. Akakichomeka kitabu mahali pake, akasema, "Lucian, nilidhani ulishaniuliza mwaka jana, nikawa nashangaa mbona huweki tarehe."

Ni Agosti, kabla ya mabata kuondoka. Utasimama upande wangu siku ya harusi, sina mtu mwingine ninayemtaka.

Kuhusu koti hujasema kitu tangu Desemba. Najua kimya chako, ni cha mama yako. Ukilichukua sitakulaumu, na wala usibaki kwa ajili yangu au kwa ajili ya ukumbi uliocheka. Baki au nenda kwa sababu yako mwenyewe.

Noreen anakusalimu. Anasema umsifie Dwayne.

Lucian

*

Tamsett
5 Juni 2017

Mjomba mpendwa na Bi Noreen, maana sasa nawaandikia wawili,

Hongereni tena. Mama ameshanunua kofia ya Agosti. Hasira zimekwisha siku aliposikia kwamba bibi harusi anaimba sauti ya kati, kwani kwaya yake imekosa sauti ya kati miaka mingi, na sasa anapanga jinsi ya kuwahamishia Ohio. Nimewatahadharisha. Mke wa Dwayne amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya mtangazaji wa mpira.

Nisameheni kwa ukimya. Nilikuwa sitaki kuandika kabla sijajua la kuandika.

Bi Karsten alirudi mwezi wa tatu, bila kuniarifu, na viatu vya mvua. "Nionyeshe hiyo dari," akasema. Nikampeleka Mather. Nikamwomba asipande ngazi. Akanipa mkongojo niushike, akapanda. Dwayne alimshika miguu huku amefumba macho kwa hofu. Alikaa huko juu na tochi muda mrefu, akashuka ana utando wa buibui kwenye nywele.

"Mume wangu aliuza madirisha maisha yake yote," akaniambia. "Wateja walitaka vioo vikubwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu fremu. Sisi tulikuwa tunalala usingizi mzuri kwa sababu ya fremu." Kisha akauliza swali lake moja, kama ulivyosema alivyokuwa akifanya darasani: "Na baada ya miaka mitano, nani atabadilisha hizi mpya?"

Nilikuwa na jibu, Mjomba. Ndicho kipengele ambacho Gillespie alikipiga mstari mwekundu: fungu la kila mwaka lisiloguswa kwa kitu kingine. Bodi imekipitisha, kwa kuwa Bi Karsten alisema zawadi yake ya kuba sasa ni ya waya, na bila hicho hatoi hata bawaba. Dwayne na Rosalba wanabaki. Hata Gillespie amechangamka. Amegundua kwamba anaweza kuwaambia wazazi chuo chetu kitakuwa ndicho chuo kidogo chenye mtandao wa kasi kuliko vyote jimboni, na analisema hilo kama alilizaa yeye. Nimemwachia.

Koti, sasa. Ilikuwa hospitali, ulikisia sawa. Walinipa nafasi mwezi wa pili, mshahara ambao nikiuandika hapa mama ataunusa kupitia bahasha. Niliwaomba muda. Wakanipa. Niliomba tena. Sikukwambia kwa sababu nilidhani ukijua ungenishauri, na ushauri wako huwa nautii kabla sijaufikiria.

Leo asubuhi mafundi wameanza Mather. Walipofungua dari zilimwagika waya za kila zama, nyeusi, kijivu, nyingine hata hatujui zilikuwa za nini. Walimu walitoka madarasani kutazama, na Bi Ansell akaomba kipande cha kumbukumbu. Nilishindwa kukaa chini nikitazama. Nikavaa kofia ya ujenzi, nikapanda, nikapewa koleo, nikawa naukata waya mmoja mnene wakati simu ilipolia mfukoni. Columbus. Bwana yule alikuwa na adabu sana. Akasema wamesubiri vya kutosha, wanahitaji jibu leo hii, ikiwezekana nikae ofisini kwangu tuzungumze kwa utulivu.

Nikatazama chini. Dwayne alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, na vumbi la dari limemfanya mweupe mpaka kope.

"Asante sana," nikamwambia yule bwana, "lakini niko juu ya ngazi, na sishuki karibuni."

Mpwa wenu,
Maribeth